Maji Yalikuwepo: Historia ya Vumbi na Kelele za Ujenzi

Chukua mfano huu. Saa 12 na nusu asubuhi, hujaamka vizuri, kompresa inawashwa kwenye kiwanja cha jirani. Dakika chache baadaye mashine ya kuvunjia zege nayo inaanza. Ukifungua dirisha unakutana na wingu jeupe. Ukifunga, unabaki na joto pamoja na kelele zilezile. Ukienda saiti kuuliza, unajibiwa kwa upole kabisa: "Vumilia tu jirani, ujenzi ndivyo ulivyo."

Leo nataka tuichunguze hiyo sentensi. Ni kweli ujenzi ndivyo ulivyo? Maana ukiifuatilia kwenye historia, unakuta kwamba njia ya kuzuia vumbi la mwamba ilijulikana zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kompresa yenye kelele ndogo ilikuwa inauzwa miaka ya 1960. Kwa hiyo swali linabadilika. Kama dawa ilikuwepo, kwa nini watu waliendelea kuumia?

Tutaifuata mashine moja tu, drili ya upepo, kwa sababu yenyewe inatoa vumbi na kelele kwa wakati mmoja. Itatupeleka Alps, West Virginia na New York, halafu tutarudi nyumbani.

Mashine iliyosaga mwamba kuwa unga

Kwamba vumbi la mwamba linaua, binadamu amejua muda mrefu sana. Kitabu cha Georgius Agricola kuhusu uchimbaji madini, kilichotoka mwaka 1556, kinataja wanawake wa milima ya Karpati walioolewa na waume 7 mmoja baada ya mwingine, wote wakafa kwa vumbi la machimbo. Lakini enzi hizo mwamba ulitobolewa kwa nyundo na patasi. Kazi ilikwenda polepole, na vumbi nalo likatoka polepole.

Mambo yalibadilika kwenye handaki la reli la Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia. Kazi ilianza kwa mikono mwaka 1857. Mwaka 1861 mhandisi Germain Sommeiller akaingiza drili zinazoendeshwa na hewa iliyogandamizwa. Upepo ule ulikuwa na faida mbili, ulisukuma drili na pia uliwapelekea wafanyakazi hewa ndani ya mlima. Handaki likafunguliwa mwaka 1871, na dunia nzima ikazitaka drili za namna hiyo.

Hebu fikiria drili inavyofanya kazi. Haikati mwamba kama kisu kinavyokata mkate. Inaupiga mara nyingi sana kwa dakika, na kila pigo linasaga kipande kidogo cha jiwe. Unga ule lazima utolewe kwenye tundu, la sivyo drili inakwama. Sasa utautoa kwa nini? Kwa upepo, au kwa maji?

Mmarekani mmoja wa Colorado, J. George Leyner, alipitia njia zote mbili. Katika miaka ya 1890 alibuni drili yenye chuma chenye tundu katikati, na akaanza kwa kupuliza hewa kupitia tundu hilo. Wachimbaji wakaikataa, kwa kuwa vumbi lilikuwa halivumiliki. Akarudi karakanani, akapitisha maji. Maji yakalowesha unga palepale unapozaliwa, ukatoka kama tope. Drili kavu zikabaki na jina walilopewa na wachimbaji wenyewe, watengeneza wajane.

Huko Ulaya pia, handaki la Simplon, lililojengwa kati ya 1898 na 1906, lilitobolewa kwa drili za Brandt zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kwa hiyo ilipofika mwaka 1906, mhandisi wa mahandaki hakuwa na sababu ya kusema hajui.

Kwa nini vumbi usiloliona ndilo baya

Tusimame kidogo kwenye sayansi, kwa sababu hapa ndipo macho yanatudanganya.

Mchanga, jiwe la matale kama yale makubwa ya Mwanza, kokoto, zege, tofali za saruji na vigae, vyote vina silika. Jiwe likisagwa, zinatoka chembe za ukubwa tofauti. Chembe ya mikromita 100, ambayo unaweza kuiona, inaanguka chini kutoka usawa wa pua yako kwa sekunde chache tu. Chembe ya mikromita 1 ni habari nyingine. Ukipiga hesabu ya kani ya mvutano dhidi ya ukinzani wa hewa, inachukua zaidi ya saa 5 kushuka mita 1.5, na hapo ni kama hewa imetulia kabisa. Yaani fundi amemaliza kukata kigae, amekula, amerudi, na lile vumbi bado linaelea chumbani.

Chembe kubwa zinakamatwa puani na kooni, unapenga kamasi, unakohoa, zinatoka. Ndogo zinapita mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huko kuna seli walinzi ambazo kazi yao ni kumeza uchafu. Zinaimeza silika, lakini haziwezi kuiyeyusha. Zinakufa, zinamwaga kemikali za kuwasha, seli nyingine zinakuja, nazo zinakufa. Mahali penye vita hivyo panaota makovu, na kovu halipitishi oksijeni. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa, na unampa kifua kikuu nafasi nzuri ya kuingia.

Kwa kawaida silikosisi huchukua miaka mingi. Lakini dozi ikiwa kubwa mno inaweza kuua ndani ya miezi. Na hapo tunafika West Virginia.

Hawks Nest, 1930

Kampuni ya Union Carbide ilitaka umeme kwa ajili ya kiwanda chake cha madini ya chuma. Mpango ulikuwa kuugeuza mto New upite ndani ya mlima Gauley, kwenye handaki la karibu kilomita 5, ili maji yaangukie mitambo upande wa pili. Mkandarasi, Rinehart and Dennis, alianza kazi mwaka 1930. Ulikuwa mwanzo wa Mdororo Mkuu wa uchumi, kazi zilikuwa hazipatikani. Watu karibu 3,000 walifanya kazi ndani ya handaki, wengi wao Wamarekani weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta riziki.

Mwamba wa mlima ule ulikuwa na silika nyingi ajabu, sehemu nyingine zaidi ya asilimia 90. Kampuni ililijua hilo, tena ilifurahi, maana silika ilikuwa malighafi ya kiwanda chake. Sehemu ya handaki ikapanuliwa ili ipatikane zaidi.

Drili za maji zilikuwepo sokoni kwa zaidi ya miaka 30. Lakini baadaye wafanyakazi walieleza mbele ya Bunge la Marekani kwamba walitoboa kwa ukavu, kwa kuwa ukavu ulikwenda haraka. Walieleza vumbi zito kiasi kwamba mtu haoni mbele, na watu wanaotoka mwisho wa zamu wakiwa weupe kama waliomwagiwa unga, bila kujali rangi ya ngozi. Walieleza pia kuwa wahandisi waliokuja kukagua walivaa barakoa, wao hawakupewa. Kampuni ilipinga madai hayo. Lakini handaki lilichimbwa kwa muda usiozidi miaka 2, na watu walianza kufa kabla halijakamilika.

Wengi waliambiwa wana nimonia au kifua kikuu. Familia moja ya eneo hilo inatajwa sana katika kumbukumbu za Bunge. Emma Jones alikuwa na wana 3 walioingia handakini pamoja na baba yao, na wana wote 3 wakafa. Mdogo wao, Shirley, alipojua hatapona alimwomba mama yake akubali mwili wake upasuliwe baada ya kifo, ijulikane kama kazi ndiyo iliyomuua, ili mama apate chochote cha kujikimu. Kijana yule alikuwa anatoa ushahidi kwa mapafu yake. Sheria ya fidia ya jimbo haikuitambua silikosisi wakati huo. Ilikuja kuitambua mwaka 1935, na masharti yake yakawaacha nje wale waliokwisha umia.

Walikufa wangapi? Jibu linategemea unamuuliza nani. Kampuni ilikiri vifo 109. Kikao cha Bunge cha mwaka 1936 kilitaja 476. Daktari Martin Cherniack, aliyechambua kumbukumbu upya katika kitabu chake cha mwaka 1986, alikadiria 764. Tofauti ile ni kubwa kwa sababu wageni wengi walirudi makwao wakafie huko, na baadhi ya wafanyakazi weusi walizikwa shambani bila alama, kwa kuwa makaburi ya wazungu hayakuwapokea.

Mwaka huohuo wa 1936, Waziri wa Kazi Frances Perkins aliitisha mkutano wa kitaifa kuhusu silikosisi. Hitimisho lake halikuwa siri mpya: lowesha, nyonya vumbi, peleka hewa safi, pima. Lakini kutoka hapo hadi kwenye sheria yenye meno, hesabu miaka mwenyewe. Kiwango cha sasa cha Marekani, mikrogramu 50 za silika kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, kilitangazwa mwaka 2016. Miaka 80.

Mikrogramu 50 ni kidogo kiasi gani? Mtu anayefanya kazi nzito anavuta kama mita za ujazo 10 kwa zamu. Ukizidisha unapata nusu miligramu, takriban uzito wa punje 8 za chumvi ya mezani. Zaidi ya hapo kwa siku, umevuka.

Kinachonivutia kwenye kanuni ile ni jedwali lake la kazi za ujenzi. Linataja kifaa kimoja kimoja, msumeno wa kukatia zege, grainda, mashine ya kuvunjia, na mbele yake linaeleza ufanye nini: maji yanayomwagika kwenye diski, au kifyonzavumbi kilichofungwa kwenye kifaa. Ukifuata jedwali, huhitaji hata kupima hewa. Kwa maneno mengine, Leyner aliingia kwenye sheria zaidi ya karne moja baada ya kubuni drili yake.

Mwaka uleule, New York

Wakati drili zinaingia mlima Gauley, kwenye jiji la New York drili na nyundo za kugongea ribiti zilikuwa zinapandisha maghorofa marefu kuliko yote duniani. Wakazi walilalamika. Mwaka 1929 idara ya afya ya jiji iliunda tume ya kupunguza kelele, na gari lililojaa vipimo likazunguka mitaani kusikiliza. Ripoti ikatoka mwaka 1930. Desibeli, kipimo kilichokuwa kipya wakati ule, kikaanza kutumika kuzungumzia mtaa.

Ila kupima hakukutosha. Hapakuwa na wa kumlazimisha mwenye kompresa.

Miaka ya 1960, Robert Alex Baron, meneja wa ukumbi wa michezo ya jukwaani, alikuwa akiishi karibu na Sixth Avenue pale jiji lilipoanza kuchimba njia ya treni ya chini ya ardhi. Kompresa na drili zikakaa chini ya madirisha yao kwa miaka. Aliandika barua na kupiga simu kila ofisi aliyoifikiria, na jibu likawa lilelile la jirani yetu wa mwanzo: ujenzi ndivyo ulivyo.

Baron hakuridhika. Akaanza kuchunguza, akagundua kwamba Ulaya kulikuwa na kompresa zilizofunikwa kwa maboksi ya kunyonya sauti na drili zenye vizibo vya kupunguza mlio. Zilikuwa zinauzwa, si majaribio ya maabara. Aliacha kazi, akaanzisha chama cha wananchi, na wakafanya maonyesho hadharani ili watu wasikie tofauti kwa masikio yao. Mwaka 1970 alitoa kitabu chake, The Tyranny of Noise. Mwaka 1972 jiji la New York lilipitisha kanuni za kelele, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya taifa. Mwaka 1976 ikatoka kanuni ya kompresa mpya zinazohamishika: zisizidi desibeli 76 ukisimama mita 7.

Usishangilie sana, maana ofisi ya taifa ya kelele ilinyimwa fedha na kufungwa miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jiji likaendelea lenyewe. Tangu mwaka 2007, mkandarasi wa New York anatakiwa awe na mpango wa maandishi wa kupunguza kelele kabla hajaanza kazi, na kazi ni saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni siku za wiki, nje ya hapo aombe kibali.

Hesabu ambayo unaweza kuifanya mwenyewe

Desibeli zinachanganya watu kwa sababu haziongezeki kama shilingi. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nishati ya sauti inazidishwa mara 10, na sikio linasikia kama imekuwa mara 2. Na mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara 2, unapunguza desibeli 6 hivi.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ina kanuni za kelele na mtetemo za mwaka 2009. Kwa saiti iliyo karibu na makazi, shule au hospitali, kikomo ni desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza baada ya saa 12 jioni. Tanzania nayo ina kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Chukua kompresa nzuri, ile ya desibeli 76 kwa mita 7. Ili ishuke mpaka 60 kwa umbali peke yake, nyumba iwe mita 44 hivi kutoka kwenye mashine. Kwenye viwanja vyetu vya mita 20 kwa 20 umbali huo haupo. Kwa hiyo ni lazima kuwe na kizuizi katikati: ukuta, boksi la kufunika, au rundo la tofali lililopangwa upande wa jirani. Na usiku? Kufika 35 unahitaji karibu mita 785. Hiyo ni kusema kumwaga zege usiku wa manane katikati ya mtaa, kwa mashine iliyo wazi, hakuingii kwenye hesabu hata ukiipinda vipi.

Nimechagua mashine nzuri makusudi. Ile chakavu ya mtaani kwako, ambayo boksi lake liling'olewa zamani na ekzosi imetoboka, fanya hesabu yake uone.

Nani alikuwa analipa?

Nirudi kwenye swali letu. Kwa nini dawa ilikaa kabatini?

Maji yanagharimu mabomba, na yanapunguza kasi. Boksi la kompresa linagharimu fedha. Mkandarasi anaziona gharama hizo kwenye karatasi yake. Mapafu ya kibarua na usingizi wa mtoto wa jirani havipo kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo kwa mahesabu ya mradi ni bure. Hawks Nest haikukosa mhandisi mwenye akili. Ilikosa mtu wa kuliandika vumbi kwenye orodha ya gharama. Shirley Jones aliliandika, lakini ilibidi afe kwanza. Baron aliiandika kelele, naye alipoteza kazi na miaka ya maisha yake.

Ndiyo maana sipendi majibu yanayoanza na barakoa. Barakoa ni nzuri, ivaliwe. Ila ni mstari wa mwisho, na inamwachia mzigo yuleyule anayeumia. Wataalamu wa afya ya kazi hupanga hivi: kwanza shughulikia chanzo, kisha njia, mwisho mtu. Kwa saiti ya kawaida, chanzo ni maji kwenye diski ya kukatia, mashine iliyofanyiwa matengenezo, na kukata vigae sehemu moja badala ya kila chumba. Njia ni wavu na mabati, kufunika lori la mchanga kwa turubai, boza la maji kupita mara kwa mara kwenye barabara ya vumbi, na kuiweka kompresa upande wa mbali na majirani. Ukimwaga maji, angalia umeme: kifaa kiwe kile kilichotengenezwa kwa kazi ya maji.

Mradi mkubwa una kitu kingine tena. Kabla ya kuanza, hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake huwa kuna mpango unaosema vumbi litapunguzwaje, kelele zitapimwa wapi na saa ngapi. Hiyo ndiyo karatasi ambayo watu wa Gauley Bridge hawakuwa nayo. Kwetu ipo, mara nyingi inalala kwenye droo.

Basi safari nyingine ukiamshwa na kompresa, usianze kwa kugombana. Wale vibarua wanavuta vumbi hilo kuliko wewe. Nenda kwa msimamizi, msalimie, umwombe mambo matatu: saa za kazi, mpango wa vumbi na kelele, na namba ya mtu wa kupokea malalamiko. Akikwambia ujenzi ndivyo ulivyo, mwulize kama anaijua drili ya maji, ambayo imekuwepo tangu karne ya 19.